Gari Linalosugua Mama Akipanda

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili kuukuu za lori, ukutani mwa gereji ya magurudumu, pale barabara inapokata kona. Upande wa kulia kuna kinyozi, upande wa kushoto kuna dobi, na katikati kuna birika la kahawa lisilopoa tangu asubuhi. Hapo hakuna anayeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mwenye gereji anaitwa Nusu Inchi, kwa sababu hafungi gurudumu bila kupima, na akikuta nusu inchi imezidi anakurudisha nyumbani na rimu zako. Siku hiyo, saa nane mchana, alikuwa amekaa mwisho wa ubao akinywa kahawa bila kuisikia ladha. Mbele yake lilikuwa limeegeshwa gari la Kinyozi, mume wa dada yake mdogo. Gari jeusi, la kifahari, limeshushwa springi hadi tumbo linakaribia kulamba lami, na miguuni lina rimu za inchi ishirini zinazong'aa kama sufuria mpya. Nusu Inchi ndiye aliyezifunga.

— Jamani, mimi nimefika mwisho, alisema Kinyozi. Nikiwa peke yangu linatiririka kama mafuta. Mke wangu akikaa mbele, shwari. Mama mkwe akikaa nyuma, tuta la kwanza tu, krrr. Tairi linakula madigadi.

— Na mama mwenyewe anasemaje? aliuliza muuza kahawa.

— Ndiyo balaa lenyewe. Siku ile aliniambia, "Simamisha, baba, nishuke. Nimekuwa mzigo hata kwa chuma." Basi, tangu siku hiyo hapandi. Wiki ya tatu hii anakwenda ibadani kwa miguu, na goti lake lile. Leo saa kumi ana kliniki ya hilo hilo goti, na amesema atatembea.

— Atembee na goti bovu kwenda kutibiwa goti?

— Ndivyo alivyosema. Na mke wangu naye kaniambia, leo mama yake asipokwenda na gari, mimi na gari langu tukalale saluni.

Wote walimtazama Nusu Inchi, maana mama mkwe wa Kinyozi ndiye mama yake mzazi.

— Shemeji, mbona kimya? Kinyozi aliuliza.

— Nafikiria.

— Fikiria upesi. Saa kumi si mbali.

Dobi akaweka kikombe chini. Dobi ni mtu mnene, na kila jambo la dunia hulipeleka kwenye beseni.

— Mimi nimeshajua. Bodi limerudi.

— Limerudi wapi?

— Limerudi, limejikunja. Kama shati la pamba. Chuma kikinyeshewa halafu kikapigwa na jua, hurudi. Tairi liko vile vile, nguo ndiyo imebana.

— Chuma hakirudi, Dobi.

— Wewe umewahi kukifua?

Hakuna aliyewahi. Hoja ikapita.

Akaingia Mstaafu, aliyekuwa karani wa barabara miaka thelathini na ambaye hawezi kumaliza kikombe bila methali.

— Gari halina kosa. Kosa ni la barabara. Tangu wachimbe lile bomba la maji, mtaa huu umeinama upande wa kushoto. Ndiyo maana wahenga walisema, maji ya kifuu, bahari ya chungu.

— Hapo maji ya kifuu yanaingilia wapi?

— Kushoto.

— Mzee wangu, linasugua pande zote mbili, alisema Kinyozi.

— Basi mtaa umeinama pande zote mbili.

Muuza kahawa akacheka puani huku akimimina.

— Ninyi hamyajui magari ya wakubwa. Gari kama hilo lina kompyuta chini ya kiti cha nyuma. Mwenyewe wa kwanza alikuwa bosi mwembamba, kiti kikamzoea. Sasa akikaa mtu mwingine, gari linajishusha makusudi. Linamgomea.

— Linamjuaje kuwa ni mtu mwingine?

— Wewe Mstaafu, mtu akikaa mahali pako kwenye ubao huu, ubao haujui?

Mstaafu akaufikiria ubao kwa muda, akaona kweli unajua.

— Kama ni hivyo, alisema, dawa ni nyepesi. Dobi akae kiti cha mbele. Uzito wake utainua nyuma, kama mizani.

— Kwa hiyo niwe nakwenda na mama kila anakokwenda?

— Hata ibadani. Huenda ukafaidika.

Walicheka wote, hata Kinyozi aliyekuwa na shida zake. Nusu Inchi alicheka kwa meno tu.

— La msingi, Mstaafu akaendelea, kazi ya fundi haina doa. Siku anazifunga rimu sote tulikuwapo. Mkono ulipita kati ya tairi na madigadi.

— Vidole viwili, alisahihisha Dobi. Nilipiga picha.

— Vidole viwili ni mkono ulioanza. Fundi alipima, ikaingia. Sasa, na tuseme ukweli kama wanaume… Mstaafu akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. Mama naye ni mtu aliyejaliwa.

— Kajaliwa, akaafiki muuza kahawa.

— Mungu kampa.

Kinyozi akainamia kikombe chake, kwani mkwe hana mdomo wa kumpima mama mkwe. Nusu Inchi ndiye aliyekuwa na mdomo, na ndiye aliyenyamaza.

Alijua. Alikuwa amejua tangu siku ile mama aliposhuka. Gari likiwa juu ya jeki, magurudumu huning'inia chini kama miguu ya mtoto aliyebebwa, na nafasi unayoiona hapo ni ya uongo. Kanuni yake yeye mwenyewe ni kulishusha chini, kuwajaza watu, kukata usukani hadi mwisho, ndipo atoe rula. Lakini siku ya kufunga rimu kijiwe kizima kilikuwa kimemzunguka na simu mkononi, wanamsifu, na sifa ni pombe isiyonuka. Kuwaingiza watu ndani aliona kutaharibu picha. Akapitisha vidole viwili, akageuka kwenye kamera, akasema, "Imeingia." Kwa wiki tatu alikuwa akitubu kwa Mungu kila alfajiri, tena kwa machozi, halafu anatoka kwenye toba anapita mlangoni kwa mama, anamwamkia na kwenda zake. Kumwomba radhi Mungu kulikuwa rahisi, Mungu haendi kliniki kwa miguu.

Alikuwa bado anajipangia maneno, aanzie wapi, Dobi alipomkanyaga mguu. Mama alikuwa anakata kona. Ametoka mapema, maana goti lina ratiba yake, na mwavuli ameufanya mkongojo. Kijiwe kizima kikasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nisogezeeni nafasi nipumue.

Akakaa. Ubao ukalia kidogo. Kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama mbali.

— Mbona mmenyamaza kama mliokutwa na kuku wa watu? Mlikuwa mnasema nini?

— Barabara, mama, alisema Mstaafu. Imeinama.

— Na gari?

— Gari limerudi, mama, alisema Dobi.

Mama akalitazama gari taratibu, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, kama anavyolitazama gauni lililoletwa kurekebishwa. Ameshona nguo za watu miaka arobaini.

— Mimi magari siyajui, akasema. Nauliza tu. Siku mlipolivisha hizo pete mkalipima, ndani alikaa nani?

Muuza kahawa akamtazama Mstaafu, Mstaafu akamtazama Kinyozi. Dobi akatoa simu, akazipitisha picha moja baada ya nyingine akitafuta jibu. Katika kila picha kijiwe chote kilikuwa nje kinatabasamu, na gari limesimama hewani.

— Hakuna mtu, mama, alisema Nusu Inchi.

Alikuwa amesimama. Akakiweka kikombe chini.

— Wala gari halikuwa chini. Lilikuwa juu ya jeki. Walikuwa wananisifu, nikapima nusu. Angekaa yeyote nyuma lingesugua. Siku uliyoshuka nilijua kosa ni langu, nikanyamaza, nikaacha ionekane ni wewe. Nisamehe, mama.

— Wahenga walisema… akaanza Mstaafu.

— Wahenga wapumzike, alisema mama. Akamgeukia mwanawe. Kwa hiyo si mimi.

— Si wewe.

— Wiki tatu nimekuwa nakula nusu sahani, mwanangu.

Hilo lilimwingia Nusu Inchi kuliko kama angepigwa kofi mbele ya watu. Mama akamgonga mguuni kwa ncha ya mwavuli.

— Nimekusamehe. Sasa pima. Na ninyi mliopiga picha, ingieni ndani, wote.

Wakaingia. Kinyozi akashika usukani, Mstaafu kando yake, Dobi na muuza kahawa nyuma wakibanana kama nguo kwenye sanduku. Gari likashuka, likaguna. Nusu Inchi akalala chali kwenye lami na rula yake, akamwambia Kinyozi akate kulia, akate kushoto, akawaambia wa nyuma waruke ruke kidogo. Mama alibaki peke yake kwenye ubao, akajimiminia kahawa iliyobaki.

— Haiingii, alisema Nusu Inchi kutoka chini. Tairi ni pana mno, na rimu imetokeza nje. Litafutiwe tairi jembamba, ukingo wa madigadi nikaukunje kwa ndani, na springi zipande kidogo. Ni kazi ya siku mbili. Leo narudisha magurudumu ya zamani.

— Yale madogo? Shemeji, nitaonekana mtu mzima aliyevaa ndala za mtoto.

— Saluni kuna godoro? aliuliza Dobi kutoka nyuma.

Kinyozi akaachia usukani.

— Rudisha, akasema.

Saa tisa na nusu gari lilikuwa chini, dogo miguuni, zito kwa aibu, na safari hii lilipimwa watu wakiwa ndani. Kinyozi akamfungulia mama mlango wa nyuma. Akapanda, akajiweka sawa, akasogea upande wa dirisha na kupigapiga kiti kilichobaki.

— Wewe fundi nawe panda. Daktari akiuliza goti limezidi kwa nini, utamweleza wewe.

Nusu Inchi akajipangusa mikono kwenye suruali, akapanda.