Bi. Evarista Qamara, Matroni Aliyejisahihisha kwa Wino Mwekundu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Evarista Qamara, matroni wa bweni la wasichana katika shule yetu, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na minne na miezi minne kazini. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1991, akitokea kijijini kwao Kansay na sanduku moja la bati na barua ya ajira iliyokunjwa mara nne. Wakati huo bweni lilikuwa moja, lenye vitanda arobaini. Leo mabweni ni matatu na vitanda ni mia mbili na kumi, na hakuna hata kimoja ambacho hajawahi kukitandua kwa sababu pembe za shuka hazikukaa sawa.

Wanafunzi walimwogopa, wala hilo halikuwa siri. Alimtambua kila msichana kwa mlio wa kandambili zake ukumbini. Mwezi wa saba, baridi ya Karatu inapong'ata, hakumruhusu mtu kwenda mstarini bila sweta. Asiyekuwa nalo alivishwa la matroni mwenyewe, ambalo lilimfika magotini na kumtia haya kuliko adhabu yoyote. Kila siku saa kumi na mbili jioni aliita majina kamili, na aliyeitika kwa uvivu aliitwa upya. Katika madaftari yote ya mahudhurio aliyoyajaza hapakuwa na neno hata moja lililofutwa. Wakaguzi waliyasifu, naye aliwajibu kwamba daftari ni daftari, si ubao wa kufutwafutwa.

Mwaka 2023, akiwa amebakiza miaka miwili, alijiandikisha katika kozi ya Utangulizi wa Saikolojia inayofundishwa mtandaoni na chuo kimoja cha maendeleo ya jamii. Hakuna aliyemtuma. Alisema tu kwamba wasichana wa siku hizi wanalia bila kuguswa, naye angependa kujua sababu kabla hajaondoka. Bw. Fabian, mtunza stoo wetu, hakuchelewa: "Mama, sasa hivi saikolojia ya nini? Utaenda kuwapima akili ng'ombe wa Kansay?"

"Nitaanza na watunza stoo," alijibiwa.

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, karibu na tangi la maji. Hapo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu ikiegemezwa kwenye tofali, daftari likiwa mapajani. Siku ya kwanza mkufunzi, Bi. Doreen, ambaye umri wake ni sawa na wa kitindamimba wa Bi. Evarista, alipoita jina lake, mwanafunzi huyo alisimama wima na kusema, "Abee, mwalimu!" Darasa zima likaona kanga yake tu. Kwa mwezi mzima aliandika "Naomba ruhusa kutoka" kwenye kundi la wanafunzi kila alipotaka kwenda kuangalia uji. Wenzake, vijana wa mjini, walicheka, lakini yeye hakukosa kipindi hata kimoja.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo zito bwenini. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenyeji wa Oloipiri, huko Loliondo, alirudi kutoka likizo ya Juni akaacha kuitika jina lake. Alisimama mstarini kama wengine, lakini jina lilipotajwa alinyamaza. Matroni aliita mara ya pili, kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha akaandika "hayupo". Asiyeitika hayupo, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake tangu mwaka 1991. Zilipotimia siku kumi na moja, kamati ya nidhamu iliandaa barua ya kumrudisha msichana nyumbani, nayo ilikuwa isainiwe Ijumaa. Sote tulijua uzito wake. Oloipiri ni mbali, na wasichana wawili waliorudishwa kwa barua kama hiyo mwaka uliotangulia hawakuonekana tena darasani.

Wiki hiyohiyo Bi. Doreen alitoa zoezi: mchunguze mtu mmoja, uandike uliyoyaona kwa macho na uliyoyasikia kwa masikio, bila kuhukumu. Bi. Evarista alimchagua msichana huyo. Jumatatu aliandika ukurasa mzima, akaupiga picha na kuutuma. Ulirudi na alama nne kati ya ishirini. Maneno "kiburi", "jeuri" na "dharau" yalikuwa yamepigwa mstari, na chini yake kulikuwa na swali: "Mama, kiburi kina rangi gani? Ulikiona wapi?"

Alinuna siku nzima. Hata Bw. Fabian hakuthubutu kumtania. Kisha alifungua ukurasa mpya, akaanza tena. Aliandika kwamba msichana hufika mstarini kabla ya wenzake. Akiguswa bega, huitika. Akiitwa "wewe", huitika. Zahanati wakiita kwa namba, huitika. Jina lake likitajwa, huinamisha kichwa na kuziba mdomo kwa kiganja. Madaftari yake yote saba yamepakwa mkaa pale jina lilipoandikwa.

Alhamisi alimsomea Bw. Tobiko orodha hiyo. Bw. Tobiko ni mlinzi wetu, mzaliwa wa Loliondo. Matroni hakuachiwa amalize kusoma.

"Mama," Bw. Tobiko alimkatiza, "nani amekufa kwao?"

Ndivyo ilivyokuwa. Shangazi wa msichana, ambaye alikuwa somo yake, mwenye jina kama lake, alifariki wakati wa likizo. Katika familia ile jina la marehemu huondoka naye. Halitamkwi tena, na aliye hai mwenye jina hilo hupewa jingine. Msichana hakuweza kujieleza, maana kujieleza kungemlazimu kulitamka. "Na wewe umekuwa ukimwita marehemu kila jioni," Bw. Tobiko alisema, "mara mbili mbili, mbele za watu." Jina hilo halichapwi hapa, kwa kuwa mhusika atausoma wasifu huu. Nyumbani sasa anaitwa Nasieku.

Waliohudhuria kikao cha Ijumaa hawatakisahau. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kufuta neno aliliweka daftari mezani na kuomba kalamu nyekundu. Alikata "hayupo" mara kumi na moja, akaandika "alikuwepo" mara kumi na moja, na kila mstari akautia saini. "Msichana hakukosa hata siku moja," alisema. "Aliyekosa ni mimi." Mkuu wa shule aliuliza kuhusu jina, akakumbusha kwamba jina la mtihani ni la serikali, nalo halibadilishwi kwa huruma. Matroni akajibu: "La serikali libaki kwenye faili mpaka wazazi wafuate taratibu. Bwenini naita mimi." Barua haikusainiwa. Jioni ile aliita "Nasieku Parmuat" mara moja tu, na mwitikio ulisikika hadi jikoni.

Ripoti ya pili ilipata alama kumi na tisa. Moja ilikatwa kwa sababu aliandika kwamba msichana "ana huzuni". Alikusudia kubisha, kisha akakubali kwamba machozi aliyaona, lakini huzuni aliikisia. Kozi aliimaliza kwa daraja B, na cheti chake kimetundikwa juu ya kabati la shuka. Tangu mwaka huo, kila muhula unapoanza, humwuliza kila msichana faraghani anavyopenda kuitwa, na mabweni mengine mawili yameiga. Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba saikolojia imemlainisha. Vitanda bado vinatanduliwa.

Nasieku alifaulu mtihani wa kidato cha nne mwaka jana, naye amechaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Wiki iliyopita baba yake, Mzee Parmuat, alifika kutoka Oloipiri akiongoza kondoo jike kwa kamba, akauliza aliko matroni. Bw. Fabian alishauri kondoo huyo achinjwe kwa sherehe, lakini alinyamazishwa na pande zote. Kwa Wamaasai, waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina yao. Kila mmoja humwita mwenzake Paker, na wito huo hudumu maisha yao yote. Mzee alimwita hivyo mara tatu kabla hajaondoka, naye Bi. Evarista aliitika kila mara.

Mama Evarista, shule inakushukuru kwa kazi uliyoifanya na kwa makosa uliyoyakiri. Mungu akujalie afya njema, mvua za wakati wake na usingizi usiokatizwa na kengele. Na Mzee Parmuat atakapokuja Kansay kukujulia hali, waambie majirani wasishangae: Paker ni wewe.