Tatizo Lilikuwa Ukurasa wa Tatu

Wapendwa, mchungaji amenipa dakika kumi za ushuhuda jioni hii ya Jumamosi, na tangu asubuhi nimekunywa maji glasi nne. Niacheni nisimame hapa karibu na mlango. Mkiniona natembeatembea msidhani nataka kukimbia. Au labda nataka, lakini leo sikimbii.

Wengi mnanijua kwa kwaya tu. Kazini mimi ni mkuu wa idara kwenye kampuni moja hapa Dodoma mjini inayosambaza mbegu za alizeti kwa wakulima. Cheo hicho nilikipata mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na moja, nikapewa watu saba wa kuwaongoza. Mmoja wao alikuwa na umri wa baba yangu. Jina lake halina kazi hapa, nitamwita Mzee.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyewajua wakulima kama yule mtu. Kuanzia Mvumi mpaka Kondoa, akishuka tu kwenye pikipiki watu wanamletea kiti. Ila ripoti zake! Alikuwa anaandika kama anavyopiga hodi. Kwanza hali ya mvua, halafu salamu za mwenyekiti wa kijiji, nani amefiwa, nani amejifungua. Tatizo lenyewe unalikuta ukurasa wa tatu, tena chini. Mnacheka, lakini si ndivyo tulivyolelewa? Unaingiaje kwa mtu ukaanza na shida?

Sasa mimi ningemwambiaje? Asubuhi nimwamkie shikamoo, halafu saa nne nimwite ofisini nimwambie, "Mzee, hujui kuandika ripoti"? Ulimi ulikataa. Kwa hiyo kila Ijumaa nilikaa na kompyuta, natoa ukurasa wa tatu naupeleka mwanzo, nafuta salamu, natuma makao makuu kwa jina lake. Miaka miwili. Ikifika tathmini ya mwaka namwandikia "vizuri sana" kuanzia juu hadi chini, yeye anasaini kwa furaha, mimi naondoka najiona mtoto mwenye adabu.

Basi makao makuu wakasoma zile sifa zangu wakasema, huyu anafaa kuwa meneja wa tawi. Wakampeleka Kondoa. Siku ya kumuaga nilipiga makofi pamoja na wengine. Ningeweza kusema siku ile. Sikusema.

Mwezi wa tatu akiwa kule, paa la ghala likaanza kuvuja. Akaandika ripoti, kwa mtindo wake. Makao makuu wakasoma mistari minne ya mvua na salamu, wakaiweka pembeni. Mbegu zikalowa, zikaota ndani ya magunia, na wakulima wakabaki na mashamba yaliyolimwa bila kitu cha kupanda. Mzee akaandikiwa barua ya kujieleza kwa uzembe. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu, na sasa walitaka kumfukuza.

Alipokuja Dodoma akanikuta kwenye korido. "Binti yangu," akasema, "wewe ulikuwa unaniandikia vizuri sana. Sasa nimeharibika wapi?"

Nikamjibu, "Sijui, mzee."

Nilijua! Nilijua mpaka ukurasa.

Kuanzia hapo sikutulia. Nikikaa, nainuka. Nyumbani nawafokea watoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Ofisini nafungua barua pepe ile ile mara kumi, sijibu. Mume wangu akaniuliza, "Mama, unaumwa au umeua mtu?" Nikamwambia ni karibu na hilo la pili, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Kikao chake cha nidhamu ni lini?"

Kilikuwa Alhamisi. Niliitwa nieleze utendaji wake wa zamani. Nikasimama, nikasema, fungueni ripoti ya Mzee, ukurasa wa tatu. Mkurugenzi akafungua. Paa lilikuwa pale pale, limeandikwa wiki tatu kabla mbegu hazijalowa. Nikasema pia kwamba zile ripoti nzuri za miaka miwili nilizipanga mimi, na kwamba yeye hajawahi kuambiwa chochote. Mzee akageuka kunitazama. Ningependa angekasirika. Aliona aibu, mbele ya vijana wa umri wa wanawe, na aibu ile niliileta mimi.

Hakufukuzwa. Alirudishwa Dodoma kwenye kazi yake ya zamani. Mimi nikavuliwa ukuu wa idara, na walikuwa na haki.

Jumamosi ile nikaenda kwake Mkonze. "Shikamoo, mzee." Hakuitikia.

"Miaka miwili umeniamkia," akasema, "hukunipa hata neno moja la kunisaidia. Uliniona mtu wa kubebwa?"

Nikalia. Mkewe akatoka jikoni na birika. "Mwache mtoto anywe chai kwanza. Utamgombeza akishiba." Tukacheka wote watatu, kwa shida. Kisha Mzee akasogeza kiti chake. "Haya. Nionyeshe hiyo ripoti yenu inatakiwa ianzeje."

Jumamosi mbili, ndugu zangu. Jumamosi mbili tu! Ya pili alinionyesha ripoti, tatizo limekaa mstari wa kwanza, salamu ziko mwisho. "Salamu sizitoi," akasema. Nikamwambia asizitoe.

Baada ya mwaka na nusu nilikabidhiwa watu tena. Namshukuru Mzee, ambaye amestaafu kwa heshima zake, na mama yule wa birika. Namshukuru mume wangu kwa swali lake moja. Namshukuru afisa utumishi wetu, aliyenifundisha kumwambia mtu kosa lake siku hiyo hiyo, mlango umefungwa, na kukaa naye mpaka aweze. Ninyi wenye watu chini yenu, nawasihi, aliyekuzidi umri naye ana haki ya kufundishwa. Ukimnyima kwa kisingizio cha adabu, umemwibia.

Sijapona kabisa. Keshokutwa, Jumatatu saa tatu, nina kikao na mama mmoja wa idarani kwangu, rika la mama yangu mzazi. Anawajibu wateja vibaya kwenye simu na hakuna aliyewahi kumwambia. Jana ameniletea karanga za shambani kwake, na nimezipokea kwa mikono miwili. Niombeeni. Jumatatu namwambia.