Cheche Watatu Ndani ya Kompyuta

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali moja, na jioni hiyo Cheche, mchomeleaji wa vyuma, alilikalia kwa hasira mpaka tofali likayumba. Kahawa alikuwa nayo mkononi, imeshapoa. Mfuko wa ovaroli yake ulikuwa na barua mbili za onyo. Ikija ya tatu, kazi basi, na ile kampuni ya ujenzi kaitumikia miaka kumi na minne.

— Mimi naitwa mtoro! Mimi! Jumatatu nimeshinda darajani nachomelea, msimamizi wa ujenzi wa ghala kaniandikia barua kwamba sikufika kwake, na wa ujenzi wa shule naye kaandika!

— Si ungepita kote? akasema Kinyozi.

— Nipite kote na mtungi wa gesi mgongoni? Hebu niondokee!

Fundi Simu, mjuzi wa kila kitu chenye waya, akakohoa.

— Kosa liko ofisini. Kila mradi ulikuwa na mpango wake na orodha yake ya watu. Mipango wameiunganisha kwenye kompyuta, orodha hawakuziunganisha. Kwa hiyo kompyuta inaona Cheche watatu, kila mmoja na saa zake nane.

— Si ndivyo nilivyomwambia bosi wa mipango! Kanigeuzia skrini: "Tazama, kijani tupu, hakuna aliyezidiwa na kazi." Nikamwambia aliyezidiwa ndiye huyu mbele yako. Eti mfumo haukosei!

— Basi hao wawili wapo, akasema Kinyozi. Juzi nimemnyoa mtu, kisogo chako kabisa.

— Kisogo changu kimeingiaje hapa?

— Wanakula likizo yako hao.

— Na watastaafu kwa sherehe, akadakia Fundi Simu. Wewe utaitwa kuchomelea jukwaa.

Wakacheka. Cheche hakucheka, roho ilimuuma kwelikweli.

Dada mmoja, mgeni kijiweni, alikuwa amesimama pembeni akingoja simu yake itengenezwe.

— Samahani, kaka. Kesho umepangiwa wapi?

— Kote. Darajani, ghalani na shuleni. Saa moja asubuhi.

— Sasa utakwenda wapi?

Kinyozi akainamia kikombe chake. Fundi Simu akaanza kuipangusa simu ya yule dada, ambayo ilikuwa safi. Mkono wa Cheche ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa barua.