Sufuria Safi

Mfuniko wa sufuria uligongagonga gizani. Basi la alfajiri lilikuwa linaondoka, na mshona nguo alipakata kapu la vyombo, binti yake mdogo amelala ubavuni. “Unahama, mwanangu?” akauliza mzee wa kiti cha pili.

“Naenda bima, baba. Nyumba iliungua, cherehani imeteketea, bila fidia sina kazi. Wamesema niwapelekee vilivyoungua wavione.”

Mzee akamulika kapu kwa simu. Sufuria ziling'aa kama za dukani. “Umezisugua?”

“Sasa niingie ofisi za watu na masizi?”

“Na fidia umeisugua humo humo, mama!”

Mshona nguo akazitazama sufuria. Siku mbili nzima alizisugua kwa mchanga.

Kulipokucha, basi likasimama mbele ya ofisi ya bima. Akamvika binti yake sweta. Mtoto akalinusa. “Mama, sweta langu bado linanuka moshi.”