Maji ya Mpira Mwembamba

Bwana asifiwe! Na nyinyi mliokaa karibu na mlango mkingojea kutoroka mapema, Bwana asifiwe! Kwa wageni, mimi naitwa Mama Nafula. Kwetu ni Bungoma, lakini nyumba yetu iko hapa Gatongora, na mume wangu ni yule pale anayejifanya anasoma Biblia kwa sababu anajua ninakoelekea. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya jino la mtoto. Chekeni tu, mtanyamaza nikifika mwisho.

Ndugu zangu, maji ya ploti yetu, pale tunapopanga, mnayajua. Yanatoka kwenye kisima kile kirefu kilichochimbwa na mashine. Ukiyatazama ni safi, baridi, hayana hata takataka moja. Ukiyaonja unasikia chumvi kidogo. Ukifulia, sabuni inakataa kutoa povu mpaka uisugue kwa hasira. Sisi tulikuwa tunayachemsha, maana tumefundishwa kwamba maji yaliyochemshwa hayana neno. Mimi nilichemsha kuliko wote. Nilikuwa naacha sufuria itokote mpaka maji yapungue nusu, nikidhani hapo ndipo uchafu umekwisha kabisa.

Nafula, mtoto wangu wa kwanza, akang'oka meno ya utoto. Yale ya ukubwa yakaota na madoa, kwanza kama chaki, halafu kahawia. Tulisugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mswaki wa mti. Mwalimu akamwambia mbele ya darasa kwamba ni mtoto mchafu. Hapa hapa kanisani aliwekewa mikono, madoa yakakemewa kwa sauti kubwa, na mimi nikaitikia amina. Madoa hayakusikia. Mtoto akaanza kunywa chai akiwa ameelekea ukuta. Niliumia sana, ndugu zangu.

Nikampeleka kwa daktari wa meno kule Thika. Hakung'oa, hakudunga sindano. Aliuliza tu, "Mama, mnakunywa maji ya wapi?" Akanieleza kwamba maji ya visima vingine yana kitu kinaitwa floridi. Kikiwa kidogo kinasaidia meno. Kikizidi, kinayaharibu yakiwa bado ndani ya ufizi yanajitengeneza. Na kuchemsha hakukiondoi. Maji yakipungua, chenyewe kinabaki palepale, kimekolea. Nikaikumbuka sufuria yangu, nikatamani ardhi inimeze.

Juu ya Nafula alisema wazi: haya yameshatoka, yatabaki hivi. Halafu akamgusa Wekesa, kitinda mimba wangu niliyekuwa nimembeba mgongoni. "Huyu yake ya ukubwa bado yanajengwa. Mbadilishie maji."

Nilitoka pale nikijua kazi yangu ni kuokoa meno ambayo hayajaota. Lakini nimbadilishie na maji gani? Ya mvua tulikinga, kiangazi kikayamaliza. Ya mto ni homa ya matumbo, na takataka za viwanda ambazo sufuria haiziondoi. Nikaomba, na safari hii sikukemea kitu, niliomba maji.

Baba Nafula ni fundi wa mashine kiwandani Thika. Bosi wake, mhandisi Mzungu, alikuwa anarudi kwao, akamwachia vitu viwili: koti la mvua na mashine ndogo ya kuchuja maji aliyozoea kusafiri nayo. Wenyewe wanaiita reverse osmosis. Haizidi cherehani kwa ukubwa, na haitaki stima. Unashika mkono wake, unapampu. Mpira mmoja unavuta maji kutoka kwa ndoo, na miwili inayatoa, mmoja mnene, mwingine mwembamba kama mrija wa soda. Ndani kuna ngozi nyembamba sana, maji yanasukumwa kwa nguvu mpaka yanapenya, chumvi na vitu kama hiyo floridi vinabaki nyuma. Hayo ndiyo mume wangu alikumbuka. Mengine Mzungu aliyasema haraka haraka, naye akaitikia "yes, yes" kwa heshima.

Tukaiweka mezani. Baba Nafula akapampu. Mpira mnene ukamwaga maji vizuri. Ule mwembamba ukadondosha tone, ukangoja, ukadondosha tone lingine.

"Huu ni wa uchafu," akasema. "Si unaona vile unatoka kidogo? Maji ni haya mengi."

Nikakubali, na nyinyi pia mngekubali. Sisi watu wa kuokoka tumezoea kwamba baraka ikija inafurika. Nani angeitafuta kwenye tone? Tukaishukuru mbingu kwa mpira mnene. Kila siku akitoka shule, Nafula alikaa kwa ile mashine akipampu maji ya mtoto. Nilimwambia ukweli, kwamba ya kwake hayatabadilika. Akasema, "Najua, Mama. Si ni ya Wekesa napampu?" Akaendelea kupampu. Basi tukawa tunamnywesha Wekesa kile kile tulichokikimbia, tena kimekolea. Na tulikuwa na furaha!

Sasa mimi situpi maji. Yale ya mpira mwembamba nilikuwa nayakinga kwa beseni, naoshea sakafu. Siku moja mfereji wa ploti ulikauka, nikaamua kuyafulia nepi. Ndugu zangu, sabuni ilitoa povu! Povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Jirani yangu Mama Shiro, aliyekuwa anafua kando yangu akihangaika na maji ya kisima aliyoweka akiba, akaacha kufua.

"Haiya! Mama Nafula, umeficha wapi maji ya mvua na hiki kiangazi?"

"Si ya mvua. Ni uchafu wa ile mashine."

"Uchafu gani huo unatoa povu? Niletee hata mimi huo uchafu!"

Nikainuka. Nikachota yale yaliyobaki ndooni, ambayo hayajaingia sabuni, nikaonja. Hakuna chumvi. Nikaingia nyumbani nikaonja ya mpira mnene, yalikuwa na chumvi kushinda ya kisima. Wekesa alikuwa ameshika kikombe. Nikamnyang'anya, akalia, nikalia naye.

Baba Nafula alipofika sikugombana. Nilimpa maji ya huku na ya huku, akaonja, akaonja tena. Fundi mzima! Akaketi, akasema, "Tumekuwa tukimpa mtoto yale mabaya." Halafu akainuka akahamisha chombo cha maji ya mtoto kwenye mpira mwembamba kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo Wekesa alikunywa ya tone. Sufuria moja ilikula alasiri nzima, na Nafula hakulalamika. Lakini hatukujua kama tumechelewa. Meno yako ndani ya ufizi, hayasemi. Nilingoja miaka, na sitadanganya, kuna siku imani yangu ilikuwa ndogo kuliko hilo tone.

Mwaka huu Wekesa ameng'oka la mbele. Jino jipya lilipochungulia, mimi niliogopa kutazama. Nafula ndiye alimpeleka dirishani, akamwinua mdomo kwa kidole gumba. Akainama, akatazama karibu. Nikamwuliza, "Ni kahawia?" Akasema, "Mama, kuja uone."

Lilikuwa jeupe! Jeupe, ndugu zangu, halina doa! Nafula akamshika ndugu yake mkono, akampitisha mlango kwa mlango ploti nzima, "Fungua mdomo! Waonyeshe!" Mama Shiro alipiga vigelegele mpaka mwenye ploti akatoka kuuliza ni harusi ya nani.

Namshukuru Mungu aliyelijibu ombi langu pole pole. Wewe mwenye mtoto mchanga, usingoje madoa yatokee ndipo uanze kukemea. Mwamini Mungu, na uulize maji yako yana nini. Ibada ikiisha, kuja kwetu na kijerikeni kidogo. Utangoja sana, lakini chai iko.

Nafula, simama watu wakuone. Usiangalie chini, mwanangu. Ndugu zangu, lile jino la Wekesa, huyu ndiye alilipampu. Mpigieni Mungu makofi.