Wito wa Pili

Tumsifu Yesu Kristu!

Hapana, hapo mmeitikia nusunusu, wengine mmefungua midomo tu. Naomba tena, maana kuitika ndiyo habari iliyonisimamisha hapa leo. Tumsifu Yesu Kristu! Haya, sasa nimewasikia watu wa Kilema. Asanteni.

Naitwa Restituta. Wengi mnanijua kama yule binti wa Mama Prosper asiyeongea. Msicheke! Mlikuwa mnasema, na mimi nilikuwa nawasikia vizuri sana. Leo binti huyohuyo ameshika kipaza sauti, na padre ameniomba nisirefushe. Padre, umechelewa.

Ndugu zangu, sisi tuliokulia huku juu tulilelewa namna moja. Ukungu ukishuka mgombani, ukasikia jina lako, usiitike. Subiri. Mtu aliye hai ataita tena. Hicho kingine huita mara moja tu. Bibi yangu alitufundisha hivyo kabla hajatufundisha Baba Yetu, na sidhani kama ni bibi yangu peke yake.

Nikiwa darasa la tatu, nilirudi shule nikatumwa majani ya ng'ombe kando ya mfongo, ule mfereji wetu unaoleta maji kutoka mlimani. Sikuvua hata sare. Ukungu ukaja ghafla, mzito, hata mundu mkononi sikuuona. Nikasikia, “Restituta!” Sauti ya mama kabisa, ng'ambo ya mfongo, karibu hivi. Nikasahau yote niliyofundishwa. Nikaitika, “Abee!”

Kimya. Hata maji ya mfongo yakanyamaza. Ndugu zangu, maji yanayotembea hayanyamazi! Nilipojiangalia nimesimama katikati ya mfereji, maji magotini, na sijui niliingia saa ngapi. Nikatoka mbio mpaka nyumbani, tope hadi magotini. Mama hajarudi sokoni. Bibi yuko peke yake jikoni. Akaniangalia miguu, akauliza swali moja tu: “Umeitika?”

Nikasema ndiyo. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Alifunga mlango, mchana kweupe, akakaa ameuegemea kwa mgongo mpaka mama aliporudi. Hakuniambia aliogopa nini, na alikufa hajaniambia.

Tangu siku ile nikawa naitwa. Nikiwa na mtu mmoja, wawili, naongea mpaka wanachoka. Lakini watu wakikaa duara, na zamu ya kusema ikanifikia, nasikia jina langu nyuma ya bega la kushoto. Mara moja. Ulimi unasimama. Nasubiri ya pili kama nilivyolelewa, na ya pili haiji. Nikija kuzinduka, zamu imeshapita na watu wananiangalia kwa huruma. Jamani, huruma inachosha!

Shule nilipita kwa sababu mitihani ni ya kuandika. Chuo cha maendeleo ya jamii nilipita. Shida ikaja kwenye usaili. Vijana mnaotafuta kazi mnajua, siku hizi cheti hakitoshi. Wanawakalisha mezani, kila mtu na namba kifuani, wanawapa jambo moja mlijadili mpaka mkubaliane. Wao wanakaa pembeni wanaangalia nani anaongea, nani anasikiliza, nani anawakata wenzake maneno. Wanaita mjadala wa kikundi. Mimi nilikuwa nauita machinjioni.

Nilikwenda mara ya kwanza, nikakaa kama kinyago. Nikaenda mara ya pili. “Namba nne, wewe unaonaje?” Namba nne ni mimi, na kichwani nina majibu tele. Nyuma ya bega, “Restituta!” Basi, nikaganda. Watu wa usaili wakahamia namba tano. Wale hawaiti mara mbili!

Mjomba wangu wa Bomang'ombe alikuja, akala ndizi zetu akashiba, akasema nikishindwa safari ya tatu naenda kukaa kwenye stoo yake ya mahindi. “Kule magunia hayaulizi maoni,” akasema. Mama akalia. Mimi sikuogopa kazi ya stoo, kazi ni kazi. Niliogopa kwamba nikinyamaza mwaka mmoja mle ndani, mimi nitakwisha, na itakayobaki inaongea ni ile sauti.

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipomleta Mama Aloyce. Mnamjua, huyu hapa mbele, mwenyekiti wa mfongo wetu na wa kikundi chetu cha maombi, mama ambaye tangu azaliwe hajawahi kunong'ona. Alinikuta mgombani na simu yangu, nasoma maswali ya usaili na kujibu kwa sauti.

“Imekubali?” akauliza.

“Nini, mama?”

“Hiyo migomba. Maana sijaona hata mmoja uliokubishia. Jumamosi njoo kwenye kikao cha mfongo, kuna watu kule watakubishia mpaka uchoke.”

Nikaenda kumwakilisha mama. Ai, kikao kile! Kila mmoja anataka maji, na maji ni kidogo. Lakini wana taratibu zao. Anayeanza kusema ni yule ambaye shamba lake liko mwisho wa mfongo, kwa sababu maji humfikia mwisho. Huruhusiwi kutoa lako kabla hujarudia la mwenzako mpaka mwenyewe aseme “ndivyo.” Na hakuna kuondoka bila neno moja la wote, la sivyo mlango wa maji haufunguliwi. Nikaona mwenye sauti kubwa anabaki na sauti yake, na maji yanakwenda kwa aliyewasikiliza wenzake. Vijana, mimi sikujiandaa kwingine. Nilijiandaa pale, kwenye tope, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Nilianza kwa kurudia maneno ya wengine. Hilo niliweza, kwa kuwa hayakuwa yangu. Jumamosi moja ukungu ukashuka tukiwa kikaoni, nikajipa moyo nitoe la kwangu. Nikafungua mdomo. “Restituta!” Nikaganda mbele ya watu wote.

Mama Aloyce akaniangalia. “Unamsikiliza nani?” akauliza.

Miaka yote ile, ndugu zangu, walinihurumia, walinicheka, walinipeleka mpaka hospitali kuangaliwa koo. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Wenzetu walipoondoka nikamwambia yote. Akauliza ni sauti ya nani. Nikamwambia siku ya kwanza ilikuwa ya mama, lakini baada ya hapo ni ya mtoto.

“Mtoto gani?”

“Ni mimi, mama. Ni sauti yangu ya darasa la tatu.”

Hapo ndipo niliposikia Mama Aloyce ananong'ona. Alisema, “Yesu na Maria,” akajishika shingoni.

Tukakusanyika kwake kuomba. Akina mama waliomba kwa nguvu. Sauti ikatwe! Ichomwe! Itupwe nje ya mipaka ya mlima! Nikawa naitikia amina kwa moyo wangu wote. Kisha akaja Mama Aloyce, wa mwisho, akasema maneno machache tu. “Bwana, huyu anayeita, mpe nguvu aite mara ya pili.”

Watu walifumbua macho. Mimi nilikasirika, sifichi! Mimi naomba ninyamazishiwe, yeye anaomba niongezewe! Niliondoka sijanywa hata chai yake.

Siku ya usaili ikafika. Ukumbi ulikuwa Moshi mjini, maeneo ya Soweto. Asubuhi ile ukungu ulishuka mpaka mjini. Kule ni nadra, lakini siku ile ulikuja ukalala kwenye vioo vya madirisha, ukumbini wakawasha taa. Nikasema moyoni, umenifuata.

Tulikaa sita. Mimi namba nne, kama kawaida yangu. Jambo lenyewe: kuna gari moja la wagonjwa na vijiji vitatu kando ya barabara moja ya mlimani, kubalianeni lilale wapi. Namba mbili, kaka mmoja wa suti, akaanza. Jamani, yule kaka aliongea! Alikata wenzake, akajijibu, akajipongeza. Mimi nikajikaza, nikavuta pumzi niingie.

“Restituta!”

Nyuma ya bega la kushoto. Ulimi ukasimama. Miguu ikawa ya baridi mpaka magotini, baridi ile ya maji ya mfongo, na sakafu ilikuwa kavu. Nikaona stoo ya mjomba, nikaona magunia. Nikainua macho, nikamwona namba sita, msichana mwembamba mwisho wa meza. Naye hakuwa amesema kitu. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, uso umempauka.

Nikakumbuka kikao chetu. Huyu ndiye wa mwisho wa mfongo! Nikasikia mdomo wangu unasema, “Samahani, kaka. Namba sita hatujamsikia. Tumsikilize yeye kwanza.”

Na pale pale, ndugu zangu, kabla msichana hajajibu, sauti ikaja.

“Restituta!”

Mara ya pili! Tangu darasa la tatu, mara ya pili! Sikufikiri. Niliinuka kitini nikaitika kwa sauti yangu yote, mbele ya waajiri, mbele ya suti, “ABEE!”

Kaka wa suti akanyamaza. Hilo nalo ni muujiza, mpigieni Bwana makofi! Joto likapanda miguuni taratibu, kama mtu aliyetoka majini akakaa mekoni. Nikaomba radhi, nikakaa. Namba sita akasema neno dogo sana, kwamba kwao ni kijiji cha juu kabisa, na gari huwa linafika mgonjwa ameshafunikwa shuka. Nikalirudia neno lake mpaka akasema ndivyo. Nikarudia la suti, naye akasema ndivyo. Kisha nikatoa langu: gari likilala kijiji cha juu, likishuka kwenda hospitali linapita kwa wote, lakini likilala chini, wa juu watasubiri daima. Tukakubaliana wote sita. Nilipata kazi ile. Mpaka leo nakaa na vikundi vya wakulima wa kahawa, na kazi yangu ni kuwafanya watu waongee. Mungu naye ana utani wake!

Lakini sijamaliza. Tulipotoka, namba sita alinishika mkono nje ya geti. Akaniuliza, “Dada, yule mdogo wako wamemruhusuje kuingia?”

Nikamwambia nimekuja peke yangu.

“Yule mtoto aliyesimama nyuma yako,” akasema. “Wa sare. Mwenye tope miguuni. Ulipoitika alikushika mkono, halafu sikumwona tena.”

Ndugu zangu, sikumwambia mtu yeyote mjini habari za sare. Wala za tope. Nilikaa chini pale kwenye ukingo wa barabara nikalia, na haikuwa kwa hofu. Nilijua mwenyewe nani alikuwa amebaki mfongoni siku ile, na nani alikuwa akiniita miaka yote nirudi kumchukua. Bwana alimpa nguvu ya kuita tena. Tangu hapo siitwi. Ukungu ukishuka nasimama kando ya mfongo nasikiliza, na ninachosikia ni maji.

Nakushukuru, Mama Aloyce, na chai yako nitakuja kuinywa. Na wewe uliyekaa hapa na kitu kinachokuita, usikikimbie peke yako. Mwamini Bwana, kilete kwa wenzako, tuombe pamoja.

Yule namba sita, Aikande, hakupata kazi siku ile. Wiki ijayo ana usaili mwingine. Nami nilimuuliza, umewezaje kumwona wangu? Akaniambia, kwa sababu na mimi ninaye. Leo nimemleta. Amekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na mnaona wenyewe huko nje ukungu umeshashuka.

Aikande!

Tulieni. Msimsaidie, msimgeukie.

Aikande!

Nimeita mara ya pili, mdogo wangu. Itika.