Sista Soksi Anastaafu, Chumba Namba Sita Anamwachia Nani?

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, wadi yetu ya saratani inampoteza Sista Soksi baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo hiyo inapoteza Chumba Namba Sita, maana utawala umeshaamua kiwe stoo ya viti.

Alianza kama muuguzi wa zamu za kawaida. Akachoka kuona wagonjwa wanamaliza dawa za kemo, uvimbe umesinyaa, lakini mishipa ya fahamu imeumia: nyayo zinawaka moto, vidole havijui kifungo wala kijiko. Mofini, dawa kali ya maumivu, iliwatuliza, ila kila dozi ilipopanda walisinzia mchana kutwa na choo kikagoma. Basi akatumia likizo zake kusomea kukanda na tiba ya sindano nyembamba, kisha akaomba chumba. Akapewa chenye bomba linalovuja. Jina la Soksi alilipatia mlangoni hapo, kwani kabla hujaketi ulishaambiwa uvue soksi.

Mwaka wa kwanza tulijikwaa. Fundi cherehani mmoja alikandwa mara tatu, akajiona amepona, akamwaga mofini yake yote kwenye sinki. Jumamosi iliyofuata shemeji yake alimleta mgongoni, hawezi hata kuguswa na shuka. Wapo waliotaka chumba kifungwe siku hiyo. Sista alisubiri dawa imtulize, akamwambia taratibu: "Fundi, mimi na mofini ni wake wenza tusiogombana. Ukimfukuza mwenzangu, na mimi nafungasha."

Tangu hapo ikawa sheria: unakuja na chupa yako ya mofini, unameza mbele yake kipimo alichoandika daktari, ndipo mguu unashikwa. Hakuna aliyepunguziwa hata tone bila daktari kusema. Na daktari alisema! Sisi wa dirisha la dawa tunazo hesabu: mwaka jana, katika kila wagonjwa kumi wa chumba hicho, sita walishushiwa dozi, wanne waliobaki angalau walipata usingizi. Yule fundi bado yuko kwenye pedali ya cherehani yake, na mapazia ya chumba ni kazi ya mikono yake.

Daktari bingwa wetu alikiita chumba "saluni", mpaka alipomleta mama mkwe wake na kuomba apitishwe mbele. Wote wawili walionyeshwa benchi la foleni. Leo hakuna anayetuma wagonjwa wengi huko kumzidi yeye.

Sista, asante. Umetushindia vita ambayo wengi hawakujua kama inapiganwa. Nenda ukapumzike, na safari hii ukandwe wewe. Siku zako zote ziwe nyepesi.

Kwa utawala: wauguzi wawili aliowafundisha wapo, mmewapanga wadi nyingine. Jumatatu wagonjwa kumi na wanane watapanda ngazi na chupa zao mkononi. Je, chumba kitafunguliwa? Tunataka neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi.